MTOTO HAGAWANYWI

Hotuba ya kamati ya tawi kwa wanachama wa mashamba ya chai, Kericho na Bomet, juu ya wazazi walioachana na malezi ya watoto wao



Leo hatukuja kusema juu ya kilo, wala juu ya nyumba za laini, wala juu ya mashine. Tumekuja kusema juu ya watoto ambao baba na mama yao wameachana. Huenda wengine wenu mnaulizana, "Chama kinatafuta nini ndani ya nyumba ya mtu?" Swali hilo ni la haki, na yafaa tulijibu kwanza kabla ya kuendelea.

Wawakilishi wetu katika laini huletewa mashauri haya kila mwisho wa mwezi. Mama amesimama langoni siku ya mshahara, mtoto mgongoni, anamngoja baba. Baba amekwisha pita njia nyingine. Au baba amekwenda kwa wakwe zake kuwaona watoto, akafukuzwa kama mwizi. Au mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na kila mzazi anasema ni zamu ya mwenziwe. Ndugu zangu, shilingi tuliyoipigania katika mapatano ina faida gani ikiwa haimfikii mtoto? Hiyo ndiyo sababu ya chama kusema. Hatutaki kujua nani aliivunja ndoa. Twataka kujua mtoto atakula nini, atalala wapi, na atasoma vipi.

SHIDA YA WATU WA CHAI

Watu huachana kila mahali, mjini na shambani. Lakini sisi watu wa chai tuna mambo yetu yanayozidisha shida.

La kwanza ni nyumba. Tangu makampuni ya chai yalipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, nyumba ya mfanya kazi imekuwa mali ya mwajiri. Nyumba hufuata kazi. Mume na mke wakiachana, yule ambaye jina lake halimo katika daftari la kazi hufunga mizigo yake. Mara nyingi ni mama, na watoto humfuata. Basi kwa siku moja mtoto hupoteza baba, nyumba, shule na marafiki.

La pili ni mshahara. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mvua ikiwa njema, majani ni mengi, na kikapu hujaa upesi. Jua la Januari mpaka Machi likiwaka, majani hupungua, na fedha hupungua pia. Mtu akiahidi fedha za mtoto kwa hesabu ya mwezi wa Mei, hawezi kuitimiza ahadi ile mwezi wa Februari. Kwa wakulima wadogo wa Bomet, Sotik na Litein wanaopeleka majani katika viwanda vya KTDA, taabu ni nyingine. Wao hupata kidogo kila mwezi, na fungu kubwa, yaani bonasi, huja baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi wa Juni. Shule hufunguliwa Januari. Kama bonasi haikutengewa watoto mapema, Januari hukuta imekwisha liwa.

La tatu ni kwamba tumetoka mbali. Katika laini moja utamkuta Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya. Watu wa namna mbalimbali wameoana, na hilo ni jambo jema. Lakini wakiachana, watoto huenda upande mmoja wa nchi na mzazi mwingine hubaki upande mwingine. Wapo hata wasioachana kwa ugomvi wao wenyewe. Katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanya kazi wengi waliotoka sehemu nyingine waliyakimbia mashamba ya chai, na nyumba zenye mume wa kabila hili na mke wa kabila lile zilipata mtihani mkubwa.

La nne ni mashine za kuchuma. Kazi ikipungua, fedha hupungua, na fedha zikipungua maneno huongezeka. Jambo hili mnalijua kuliko sisi tunaolisema.

MAPATANO NI KAZI TUNAYOIJUA

Sasa, wazazi wakishindwana, njia ni tatu. Njia ya kwanza ni kununiana. Hii ni njia ya wengi, na ndiyo mbaya kuliko zote, maana hakuna anayejua haki yake wala wajibu wake. Njia ya pili ni kwenda mahakamani kushindana. Mahakama ina kazi yake, na saa nyingine hapana budi kwenda. Lakini kushindana huchukua muda na nauli, na mwisho wake ni mshindi na mshinde. Hao wawili bado watakutana kwa mwalimu, hospitalini, na siku mtoto atakapooa au kuolewa. Njia ya tatu ni kuketi pamoja na mpatanishi.

Upatanishi si neno geni kwetu. Mwezi wa Oktoba 1962, kabla nchi hii haijapata uhuru, serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwanda, wakakubaliana kwamba mazungumzo yatangulie ugomvi. Mpaka leo, chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, tukishindwana na mwajiri shauri hupelekwa kwa Waziri, naye huteua mpatanishi. Mpatanishi yule hatoi hukumu. Husikiliza upande huu na upande huu, huuliza, hutafuta mahali ambapo pande mbili zaweza kukutana. Tukipatana, twaandika na kutia sahihi. Tusipopatana, twaenda mahakamani.

Upatanishi wa wazazi ni vivyo hivyo, ila tofauti moja. Katika shauri la kazi kila upande hutetea fungu lake. Katika shauri la mtoto kuna mtu wa tatu asiyekuwapo mezani, naye ndiye mwenye shauri. Baba asitetee ubaba wake, wala mama umama wake. Wote wawili wamtetee mtoto. Wahenga wamesema wapiganapo tembo nyasi huumia. Basi mpatanishi mwema ni yule anayewakumbusha tembo kwamba wanakanyaga nyasi zao wenyewe.

Na tuseme wazi: kikao cha namna hii si cha kuwarudisha watu katika ndoa. Wakitaka kurudiana ni hiari yao. Wengi hukataa kuja kikaoni kwa sababu wanaogopa kulazimishwa kurudi. Hapana. Ndoa yaweza kwisha. Uzazi hauishi.

SHERIA INASEMA NINI

Yafaa mjue sheria, maana wengi bado wanasema maneno ya zamani.

Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto fedha za kumlea. Mwaka 1969 Bunge likaifuta sheria hiyo. Kwa miaka mingi baadaye, mama asiyeolewa alipata taabu kubwa kudai chochote. Ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, lakini hata hiyo iliwatofautisha watoto wa wazazi waliooana na wale wa wazazi wasiooana.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoukata mzizi wa fitina. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu hicho hicho kinasema katika kila jambo la mtoto, faida ya mtoto ndiyo inayotangulia. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imefuata maneno hayo. Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18.

Kwa hiyo mwanamume akisema, "Mahari nilitoa, watoto ni wangu, wasiporudi kwangu silipi kitu," twamjibu hivi. Desturi za Wakipsigis, za Wagusii na za Wajaluo zina tofauti nyingi, lakini zote humhesabu mtoto kuwa wa ukoo wa baba mahari ikiisha kutolewa. Hakuna anayekunyang'anya ukoo wako, Bwana. Lakini ng'ombe uliowatoa hawakumaliza wajibu wa kumlisha mwanao, wala mwanao hakuwekwa rehani kwa ng'ombe wale.

Na mama akisema, "Halipi, basi hatamwona mtoto," yeye pia twamjibu. Kumwona baba ni haki ya mtoto. Si zawadi ambayo baba anainunua kwa fedha. Asiyelipa adaiwe kwa njia iliyo halali, lakini mtoto asifichwe. Hali kadhalika baba aliyezuiwa kumwona mtoto asiache kulipa. Tumbo la mtoto halijui ugomvi huo.

NANI AKETI KATIKATI

Upatanishi umo ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 159 chataka mahakama zihimize upatanishi na njia za jadi za kuamua mashauri, mradi njia hizo zisivunje haki za mtu wala sheria za nchi. Basi mlango u wazi, tena ni mingi.

Upo mlango wa kokwet. Tangu zamani Wakipsigis wamekaa majirani kwa majirani na kuamua mashauri yao katika baraza la kokwet. Wazee wanawajua watu, wanazijua nyumba, na aliyetoa ahadi mbele yao huona haya kuivunja. Hayo ni mema. Lakini angalieni mambo mawili. Zamani baraza hilo lilikuwa la wanaume. Siku hizi mama asisemewe na kaka yake wala na baba yake. Aketi, aseme mwenyewe, na asikilizwe sawasawa. Tena, mtu wa Nyamira au Vihiga anayekaa katika laini hana kokwet hapo. Akipelekwa mbele ya wazee wa upande mmoja tu, ataona amekwisha hukumiwa kabla ya kufungua kinywa. Wakitoka makabila mawili, kila upande ulete mzee au mama mmoja mwenye busara, na wa katikati awe mtu ambaye wote wawili wamemkubali.

Upo mlango wa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, katika Idara ya Huduma za Watoto. Huyu anaijua sheria, na kuwaita wazazi na kuwaketisha ni sehemu ya kazi yake. Wapo pia machifu na viongozi wa dini ambao watu huwaendea.

Na upo mlango wa mahakama yenyewe. Mwezi wa Aprili 2016 mahakama ilianza mpango wa upatanishi huko Nairobi, katika mashauri ya jamaa na ya biashara, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za nchi. Kesi huondolewa kwa muda mbele ya hakimu, ikapewa mpatanishi aliyeidhinishwa, naye hupewa siku 60. Yasemwayo ndani ya chumba kile ni siri, hayatumiwi baadaye kumshtaki aliyeyasema. Wakipatana, mapatano yao hupata nguvu ya amri ya mahakama. Wasipopatana, kesi huendelea.

Mlango wowote mtakaoupita, mpatanishi awe na sifa hizi: si ndugu wa upande wowote, si mdai wa yeyote kati yao, hatembezi maneno, na yuko tayari kumsikiliza kila mmoja peke yake kabla ya kuwaketisha pamoja. Mtu ambaye yu chini ya mwenziwe kwa cheo cha kazi hawezi kusema moyo wake. Kwa hiyo mnyapara asipatanishe watu wa gengi lake.

Na mtoto mwenyewe? Sheria yasema apewe nafasi ya kutoa maoni yake kwa kadiri ya umri wake. Mtoto wa miaka 12 anajua shule yake na rafiki zake. Aulizwe kwa upole, na mtu asiye baba wala mama. Lakini msimwulize, "Wampenda nani?" Swali hilo ni mzigo ambao mtu mzima mwenyewe hawezi kuubeba.

MAMBO YA KUANDIKA

Mapatano ya mdomo hufa njiani kurudi nyumbani. Tukubaliane kama tunavyofanya na mwajiri: kwa maandishi, kila neno mahali pake. Tuchukue mfano, si wa mtu yeyote aliye hapa. Baba ni mchumaji karibu na mji wa Kericho. Mama amerudi kwao upande wa Sotik, ana watoto watatu, wa miaka 9, 6 na 2. Mapatano yao yaandikwe namna hii:

1. Makao. Watoto watalala wapi siku za shule. Wadogo wasitenganishwe na wakubwa bila sababu yenye maana.

2. Kuonana. Isiandikwe "akitaka atakuja". Iandikwe siku: mathalani Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, na nusu ya likizo ya Aprili, ya Agosti na ya mwisho wa mwaka. Iandikwe pia nani analipa nauli, na mahali pa kupokelea watoto. Kama wazazi hawawezi kuonana bila kugombana, watoto wapokelewe kwa nyanya yao au kanisani.

3. Fedha za kila mwezi. Kwa sababu mshahara ni wa kilo, iandikwe kiasi cha chini ambacho hakipungui hata wakati wa jua, na nyongeza katika miezi ya majani mengi. Tarehe itajwe. Fedha zipelekwe kwa simu na si kwa mkono wa rafiki, maana simu huweka ushahidi wa aliyetuma na aliyepokea. Na kazi ya mama ihesabiwe. Anayepika, kufua na kukesha na mgonjwa amekwisha toa fungu lake kubwa hata kabla ya kutia mkono mfukoni.

4. Karo, sare na vitabu. Nani analipa nini, na lini. Mkulima wa KTDA aandike fungu la bonasi litakalotengwa kwa ajili ya Januari.

5. Matibabu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA imechukua mahali pa NHIF, na mfanya kazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Kuwaandikisha watoto katika bima hiyo hakumwongezei makato. Basi baba aliyeajiriwa awaandikishe wote watatu, hata kama hawalali kwake.

6. Karatasi. Cheti cha kuzaliwa kitawekwa na nani, na mwingine apewe nakala.

7. Maneno. Hakuna mzazi atakayemtukana mwenziwe mbele ya mtoto, wala kumtuma mtoto kupeleka ujumbe wa ugomvi. Wengine huliona jambo hili dogo. Sisi twaliona kubwa.

8. Mabadiliko. Kazi ikiisha, mzazi akihama, au akioa au kuolewa, wataketi tena. Iandikwe watamwendea nani, na baada ya siku ngapi.

Wote wawili watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Kisha mapatano yaweza kupelekwa katika mahakama ya watoto yakubaliwe yawe amri. Hapo yanakuwa na meno.

Na juu ya meno hayo, neno moja la kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mshahara kukatwa kwa amri ya mahakama. Lakini sheria hiyo inasema pia makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wengi wetu tumejaza makato kwa mikopo. Anayekimbilia mkopo kabla ya kutenga fungu la mtoto ajue kwamba amemkopesha mwanawe njaa.

MASHAURI YASIYOPATANISHWA

Ndugu wanachama, si kila shauri ni la kuketi. Mahali ambapo mmoja humpiga mwenziwe au humtisha, kikao cha watu wawili si haki, kwa sababu aliyepigwa atakubali kila neno ili apate kutoka salama. Huyo aende polisi na mahakamani, na ipo Sheria ya Ulinzi dhidi ya Jeuri ya Nyumbani ya mwaka 2015 ya kumkinga.

Na mtu aliyemnajisi mtoto hapatanishwi kamwe. Hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006. Mzee anayepokea ng'ombe au fedha ili maneno hayo yazikwe, naye amejiingiza katika uovu. Yeyote anayeona mtoto anaumizwa apige simu namba 116. Simu hiyo hailipiwi.

KAZI YA MWANACHAMA

Sasa kila mmoja atachukua nini kutoka hapa?

Mwakilishi wa laini asijifanye hakimu. Mara nyingi baba ni mwanachama na mama ni mwanachama, na wote wawili wanalipa ada. Kazi yake ni kuwaonyesha mlango, kuwaombea ruhusa kwa meneja siku ya kikao, na kunyamaza juu ya yale aliyoyasikia.

Jirani asichochee. Maneno ya bombani na ya kwenye mizani yamevunja mapatano mengi yaliyoandikwa vizuri.

Mzazi aliyeachana na mwenziwe aanze yeye. Asingoje mwenziwe awe mwema kwanza. Apeleke neno kupitia kwa mtu anayeheshimiwa na wote: "Tuketi juu ya watoto, na juu ya watoto tu." Wengi waliokataa kuketi juu ya ndoa hawatakataa maneno hayo.

Majani ya kikapu kimoja hupimwa, na fedha zake zaweza kugawanywa kwa wawili. Mtoto hagawanywi. Kinachogawanywa ni kazi ya kumlea, na hiyo ina fungu la baba na fungu la mama mpaka atakapokuwa mtu mzima. Sisi tunaojua kudai fungu letu kwa mwajiri, tujue pia kutoa fungu letu kwa mtoto.

Mwenye swali aulize sasa, na mwenye shauri lake mwenyewe asiliseme mbele ya mkutano. Atukute faraghani baadaye.